Mtihani Wangu Kwenye Barieri ya Nundu

Ndugu zangu wa grupu, leo nimeumbuka. Nimeumbukia kwenye barieri, kile kizuizi cha wenye bunduki njia ya Nundu, mchana kweupe, mbele ya gari zima la abiria. Nawaandikia mwenyewe kabla Kashindi hajawaandikia, maana alikuwepo, na mnamjua.

Tangu vita vituteremshe kutoka milimani tukaja kupanga hapa Baraka, ninasoma Kiingereza. Sababu ni wajukuu. Wamekulia ng'ambo ya bahari, Kiswahili kimewatoka. Kwenye simu wananiita "babu", kisha tunabaki kusikilizana tunavyopumua. Basi nikajiandikisha katika darasa la watu wazima kanisani. Mazoezi yangu yakawa yanarudi na kumi na saba, kumi na nane juu ya ishirini, wakanifanya chef, yaani kiongozi wa darasa. (Nilikubali haraka sana.)

Jambo ambalo sikumwambia mtu ni kwamba maneno hayakai kichwani mwangu. Ninasoma ukurasa, bunduki zinalia huko juu, ukurasa unafutika. Mazoezi yote aliyaandika mke wangu, Mama Neema, kila siku baada ya ugali wa mchana, mimi nikiwa nimelala. Nilijiambia ananinakilia tu, kwa sababu ana mwandiko mzuri. (Ananakili kutoka wapi? Sikujiuliza.)

Leo tulikuwa tunakwenda Nundu kumwona dada yake anayeumwa. Kwenye barieri abiria wote wanashuka na kupita kwa miguu. Mimi mbele, daftari mkononi ili watu walione. Mama Neema nyuma, beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani. Kijana mwenye bunduki akachukua daftari, akalifungua, akamwita mkubwa wake.

Somo la juzi lilikuwa la kuuliza maswali, na chini ya kila swali kuna Kiswahili chake. Komanda akasoma kwa sauti:

"Watu wangapi wanalala katika nyumba hii? Mlango unafungwa saa ngapi? Njia gani inafika mtoni?"

Foleni ikarudi nyuma hatua moja; yalisikika kama maswali ya jasusi.

"Papa, hii kazi iko ya nani?"

"Yangu, Komanda. Mi niko mwanafunzi."

"Mwanafunzi, na hizi mvi? Ao kuko bantu balikutuma?"

Pembeni pana kibanda cha mabati. Wiki iliyopita mtu aliingizwa humo kwa karatasi ndogo kuliko ile yangu, na nyumbani kwake bado wanamngoja.

Kashindi, aliye nyuma yetu, akanitetea. "Komanda, huyu njo chef wetu wa klasi. Anatupitaka siye bote." (Asante, Kashindi. Ungenyamaza.)

Kumbe Komanda alikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania, na Kiingereza anakijua. "Basi mi nitakupa mtihani, Papa. Ukipita, utaenda. Ukianguka, daftari haiko yako, na utaniambia iko ya nani."

Akaniuliza kwa Kiingereza ninatoka wapi. Nikamjibu habari za asubuhi. Ilikuwa saa nane mchana. Akaniuliza ninakwenda kwa nani. Kichwani ilikuwa imebaki sentensi moja, ya ukurasa wa kwanza wa kitabu, nikaitoa yote kwa sauti ya chef. Komanda akawatafsiria watu wa foleni: "Anasema anaitwa Petro, na iko na miaka kumi na mbili."

Kashindi alicheka mpaka akakaa chini.

Komanda hakucheka. "Petro, ingia kwenye kibanda."

"Komanda." Ni Mama Neema, na beseni hakulitua. "Hiyo daftari iko yangu. Uniulize mimi."

Akamwuliza. Akajibu. Akamwuliza swali refu, akajibu refu zaidi. Mwishowe yeye ndiye aliyemwuliza Komanda, na Komanda akamwomba arudie polepole.

"Mama, ulisomaka wapi?"

"Nilifika mwaka wa tatu wa sekondari. Huyu mzee akakuja kunioa, akasema diplome haipikake sombe."

Nilisema hivyo, kwamba cheti hakipiki kisamvu. Siku ile nilijiona mwerevu.

Komanda akanigeukia. "Papa, sema na kinywa yako, bantu basikie. Nani anaandikaka?"

Nikatazama ziwa. Ziwa halikunisaidia.

"Mama Neema njo anaandikaka."

"Yote?"

"Yote. Hata jina langu pale juu, siku miwani ilipotea."

Daftari likarudishwa, kwake. Tukaachiwa. Garini Kashindi alikuwa anamwita "Madame Chef", na mimi akaniuliza kama mama yangu anajua kwamba niko safarini.

Tuliporudi nyumbani kutoka kwa dada yake nilimwomba mke wangu msamaha, wa mazoezi na wa sekondari. Akalifungua daftari kwenye ukurasa mweupe. Kisha nikamwuliza anawezaje kushika maneno na milio hii yote.

"Hata mi nasikiaka bunduki," akasema. "Inalia, nangojea. Ikinyamaza, narudilia neno. Kamata kalamu."

Nimeandika zoezi langu la kwanza kwa mkono wangu. Nimepata nne juu ya ishirini, na anasema moja ni ya huruma. Naomba msicheke kwa sauti, Madame Chef anasahihisha.