Saa Kumi na Nne Kutoka New York

Jumapili, 2 Novemba

"Binti wa Omanga atakuwa bado hewani jua likizama Ijumaa, Sabato ikianza. Asiyelinda Sabato ya nyumba yake atailindaje ya kanisa?" Kasema Mosoti, muuza mabati, mbele ya kamati ya uteuzi hapa Homa Bay. Uongo. Binti yangu Valentine anapaa kutoka New York Alhamisi saa mbili usiku. Kura ya mzee wa kanisa ni Sabato hii. Kiti ni changu.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeazima tufe la dunia kwa Mwalimu Caren. Uzi wa mke wangu, rula. New York hadi Nairobi: kilomita 11,900. Ndege hukata 850 kwa saa. Saa kumi na nne. Basi inatua Ijumaa saa nne asubuhi, chai bado moto. Nimeandika waraka, "Umbali Hauongopi". Nakala themanini. Moja nimebandika mlangoni kwa Mosoti.

Jumatano, 5 Novemba

Caren kafuata tufe lake, kasoma waraka, kauliza: saa nne ya wapi? Nairobi iko mbele kwa saa nane. Ndege itatua saa kumi na mbili jioni. Nyakerario, mke wangu, kasema Baba Valentine, saa za ndege umezihesabu, za jua umezisahau. Muombe Mosoti msamaha mapema. Msamaha wa nini? Jua linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Yoshua alisimamishiwa jua zima. Mimi dakika ishirini zinanitosha.

Ijumaa, 7 Novemba

Ndege imechelewa. Imetua saa moja kasorobo, giza. Valentine kapiga simu: amechoka, analala kwa shangazi yake Nairobi, na anaomba nisibandike kitu kingine. Mosoti naye kapiga, mpole kabisa, kuuliza kama mtoto aliona ngazi ya ndege vizuri au alimulikiwa tochi. Nikamjibu Sabato ya msafiri huhesabiwa alikopandia. New York ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi! Nikakaa kuandika waraka wa pili wenye hoja hiyo. Nyakerario kauliza Sabato ya mwandishi inahesabiwa wapi. Nikamwambia anipishe. Nilikuwa kazini.

Sabato, 8 Novemba

Mosoti mwenyewe kausoma waraka wa pili kanisani, kwa sauti nzuri. Kisha katazama saa: tatu asubuhi. Kasema nyumbani kwa ndugu Omanga sasa ni saa saba usiku, tusimwamshe. Kanisa likacheka, Nyakerario naye. Orina, mgombea mwenzangu, kachaguliwa. Mimi nilipata mkono mmoja. Ulikuwa wangu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetafakari. Mosoti amekiri mbele ya mashahidi kwamba ilikuwa saa saba usiku. Kanisa gani hupiga kura saa saba usiku? Waraka wa tatu uko tayari, nakala mia mbili. Ndugu wa kamati ya uteuzi: futeni kura ya Orina, mpige upya Sabato ijayo saa kumi na moja jioni, New York ikiwa imeamka.