Bwana Kimya Akataa Kufika Mbele ya Kamati

Wananchi wote wa Munyaka mnajulishwa ya kwamba mtaa wetu sasa una ulinzi kamili dhidi ya risasi ambazo hazipo. Ofisi ya Utulivu wa Mtaa, kwa kushirikiana na yenyewe, imeunda Kamati ya Muda ya Kudhibiti Risasi za Kwenye Kioo, na mimi Mama Nanyama nimo ndani. Sisemi kwa maringo. Kanuni ya kamati ilitaka mwanamke mmoja, mzee mmoja na mtu mmoja asiye na makuu. Walipochungulia dirishani wakaniona na sufuria yangu ya githeri, mahindi na maharagwe, wakawapata wote watatu kwa mkupuo. Nilihesabiwa mara tatu. Chai nilipewa kikombe kimoja.

Mwenyekiti wetu ni Bwana Cyril Ondiek, Mratibu wa Utulivu, mtu wa suti ya kijivu na kile kikohozi cha kufungulia mkutano. Katibu ni Kiptoo, kijana mpole anayeandika hata mtu akipiga chafya. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo maneno mengine ya ofisi nitayafikisha kwenu jinsi nilivyoyapokea, kama mzigo wa watu.

Jambo lenyewe ni hili. Pale ninapopikia, mlango unaofuata ni chumba cha gemu cha Vivian Jepkemboi. Vivian alisomea kompyuta pale chuo cha Chepkoilel, akamaliza, akatafuta kazi mpaka viatu vikaomba msamaha. Mwishowe mama yake akauza ng'ombe, wakanunua TV na mashini ya gemu. Na si ng'ombe wa kuzeeka, alikuwa anakamuliwa. Ukimwona Vivian anapangusa vumbi ile mashini, jua anapangusa ng'ombe wa mamake. Sasa vijana wakicheza wanasikia njaa, wakisikia njaa wanaona githeri. Kwa hivyo nilikuwa na maslahi, ndiyo. Hakuna aliyeniuliza.

Gemu iliyoleta maneno inaitwa Bwana Kimya. Imetolewa kwa kile kitabu cha picha ambacho watu huongea ndani ya mapovu, lakini povu la huyu huwa tupu. Ni mkulima aliyeuziwa mbolea bandia. Mahindi yakafa, mke akafa kwa mawazo, naye akachukua bunduki akaanza kuwatembelea waliohusika, mmoja baada ya mwingine, bila kupiga hodi. Si mtu mzuri. Mbaya pia huwezi kusema. Vivian anasema hapo ndipo penye utamu.

Kikao cha kwanza Vivian aliitwa kujieleza. Alisimama na mikono nyuma kama yuko paredi ya shule.

"Huyu Kimya anaua watu wangapi?" akauliza Bwana Ondiek.

"Inategemea mwenye anacheza, sir."

"Watu wa aina gani?"

"Steji ya kwanza ni walinzi wa stoo. Ya pili ni mabroka. Ya tatu ni mwenye aliweka changarawe kwa gunia akaandika ni mbolea."

"Na ya nne?"

"Ya nne ni mwenye alipiga muhuri."

Bwana Ondiek aliuvuta muhuri wake uliokuwa mezani, pole pole, akauingiza kwenye droo.

"Hii ni vurugu," akasema. "Inaweza kuharibu watoto."

"Watoto siruhusu, sir. Nimeandika kwa mlango."

"Basi itaharibu watu wazima, na hao ndio wengi."

Hata hivyo kamati yetu ni ya haki, na haki inataka mshtakiwa asikizwe. Kiptoo akatoka mpaka mlangoni, akaita kwa sauti ya korti, "Bwana Kimya! Bwana Kimya! Bwana Kimya!" Nje kulikuwa na foleni ya wananchi. Mzee Wangila, ambaye amekuwa akija kwa sababu ya mtaro wa maji machafu unaopita jikoni kwake, akasema, "Kama huyo hayuko, naweza kuingia kwa nafasi yake?" Akaambiwa nafasi haihamishwi. Kiptoo akaandika kwamba Bwana Kimya ameitwa, hakufika, na hakutuma udhuru. Bwana Ondiek alitikisa kichwa. Alisema hiyo dharau peke yake inatosha.

Tukapitisha azimio. Lilitembezwa mtaani kwa pikapu yenye kipaza sauti, nalo lilisema hivi: Risasi ni risasi. Mwananchi yeyote atakayesikia mlio wa risasi, iwe ya kweli ama ya kioo, aripoti papo hapo kwa Mkaguzi Mkuu. Mahali mlio ulipotoka pafungwe. Aliyepatikana na kidude cha kubonyeza atolewe nje, akae chini, mikono juu. Vifaa viwekwe mahali palipothibitishwa kuwa na utulivu. Na ripoti ikikamilika, vifaa vipondwe kwa nyundo mbele ya wananchi.

Niliunga mkono. Kusema kweli mkono wangu ulikuwa juu tayari, nilikuwa naomba sukari.

Kabla kikao hakijafungwa nikaona si vizuri watu waachane na nyuso za matanga. Nikasema, "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika wote, na Bwana Ondiek pamoja. Shule ya msingi haimtoki mtu.

"Kwa jirani ni nyoka, kwangu ni mshipi."

"Ni kamba," akasema Kiptoo.

"Si kamba."

Bwana Ondiek alifikiria, akakohoa. "Jambo hili litaundiwa kamati ndogo," akasema, akaenda zake.

Jioni hiyo hiyo wakatia kufuli la ofisi kwenye mlango wa Vivian, na juu yake stika kubwa yenye muhuri: MAHALI HAPA PAMETHIBITISHWA KUWA NA UTULIVU. Mashini na TV vikabebwa na askari wawili kupelekwa ofisini. Vivian aliwafuata mpaka barabarani akiwaambia, "Pole pole na hiyo kona. Pole pole, tafadhali." Akarudi, akakaa kwa kigoda changu, akaanza kupukuchua mahindi yangu bila kuombwa.

"Shosh," akaniita, kama vijana wanavyomwita nyanya yeyote, "nitamwambia mathe nini?"

"Mwambie ng'ombe yuko serikalini."

"Wataiponda, Shosh."

"Ripoti ikikamilika, mwanangu. Wewe umeona ripoti gani ya ofisi imekamilika?"

Nilisema hivyo kumtuliza. Moyoni sikuwa na uhakika, maana safari hii ofisi ilifanya kazi kwa bidii ambayo Munyaka hatujawahi kuona.

Mwenyekiti alitueleza kwamba kamati haiwezi kulaani kitu ambacho haijakiona mpaka mwisho. Kwa hivyo uchunguzi ukaanza. Mwenyekiti na Kiptoo walifika kazini mapema, jambo lililoshtua hata mfagiaji. Mlango ukawa unafungwa kwa ndani. Wananchi wakija wanaambiwa ofisi iko fildi, imetoka kikazi. Nikiwapelekea githeri ya mchana, Kiptoo ananipokea kupitia upenyo, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Kiliumia kazini. Kamati iliomba vidole gumba viorodheshwe kati ya vifaa vya serikali vinavyohitaji ukarabati, na ombi hilo liko ngazi za juu hadi leo. Baadaye zikaletwa spika mbili kubwa, ili ushahidi usikike vizuri.

Kisha siku moja Bwana Ondiek akaja mwenyewe hadi kwa sufuria yangu. Macho mekundu, tai imelegea. Hakuagiza chakula. Alisimama mbele ya Vivian, akakohoa.

"Madam Vivian. Kwa maslahi ya uchunguzi. Mtu akifika steji ya sita, pale kwa daraja."

"Ndiyo, sir."

"Wale askari wa ng'ambo ni wengi sana."

"Ni wengi."

"Ukiua hawa, wanakuja wengine. Tumejaribu usiku na mchana. Kiptoo amelia. Mtu anapitaje hapo?"

Vivian aliendelea kupukuchua. "Fungua duka nikuonyeshe, sir."

"Unanipa hongo?"

"Hapana. Nakupa daraja."

"Mashini itapondwa Ijumaa," akasema Bwana Ondiek, kwa ukali, lakini ukali wake ulikuwa na machozi ndani. "Bila daraja tutaandika kwamba mwisho wa gemu ni hapo, na ripoti itakuwa imekamilika."

Akaondoka. Vivian akabaki ameshika gunzi tupu, anapukuchua hewa.

Ijumaa ikafika. Nyundo ililetwa mapema, ikaegemezwa ukutani pa ofisi kama mgeni anayesubiri chai. Vivian alikaa karibu nayo. Mimi nilipeleka githeri kama kawaida, kwani kamati lazima ile hata siku ya hukumu. Nilipokaribia mlango nikasikia risasi. Si moja, si kumi. Zilikuwa zinanyesha. Dirisha lilitetemeka, na kuku wa jirani wakaingia chini ya pikapu. Kupitia spika zile nikasikia na sauti ya mwenyekiti wangu: "Kufa! Kufa wewe! Kiptoo, nyuma yako!"

Sasa mimi ni mwanakamati. Niliinua mkono wangu azimio lilipopita. Ningefanyaje? Nikatoa simu, nikapiga ile namba iliyotangazwa na pikapu. Akapokea Mkaguzi Mkuu wa Utulivu mwenyewe, Madam Eddah Chepkirui.

"Madam, naripoti mlio wa risasi."

"Za kweli ama za kioo, Mama?"

"Tangazo linasema risasi ni risasi, Madam. Mimi ni nani nichague?"

Madam Eddah alikuwa njiani akitoka Plateau, kwa hivyo hakukawia. Alifika na askari, wakauzunguka mlango. Watu wa foleni wakalala chini, isipokuwa Mzee Wangila, aliyesema akilala atapoteza nafasi.

"Nyinyi wa ndani!" askari akapaza sauti. "Wekeni chini mtoke!"

"Ngojeni kidogo!" Ilikuwa sauti ya Bwana Ondiek. "Niko kwa daraja!"

"Daraja gani?" akauliza Madam Eddah.

"Sijasave!"

Mlango ukasukumwa. Mratibu wa Utulivu alikuwa amesimama mbele ya TV bila koti, tai ameifunga kichwani, kidude mkononi. Kiptoo alikuwa nyuma ya kabati. Kwenye kioo Bwana Kimya alikuwa amelala kifudifudi, ameshakufa tena.

"Ondiek, hii ni nini?"

"Madam, ni uchunguzi."

"Na hiyo tai?"

"Ni… ya fildi, Madam."

Madam Eddah ni mtu wa kanuni. Aliagiza azimio lisomwe, likasomwa, na sahihi ya chini ikatajwa ni ya nani. Mahali mlio ulipotoka pakafungwa kwa kufuli. Waliopatikana na kidude wakatolewa nje, wakakalishwa kwa nyasi, mikono juu. Mzee Wangila alisema katika safari zake zote hiyo ndiyo mara ya kwanza kumpata afisa bila kuambiwa arudi kesho. Akachuchumaa mbele yake, akaanza kumweleza habari za mtaro tangu mwanzo.

"Vifaa tupeleke wapi, Madam?" akauliza askari. "Ama tuponde? Nyundo iko."

Vivian akasimama.

Nikakohoa. Kikohozi cha kamati nilikuwa nimeshakipata. "Samahani, Madam. Azimio linasema vipondwe ripoti ikikamilika. Waandishi wa ripoti ndio hao kwa nyasi. Na daraja hawajavuka."

"Basi tuvipeleke stoo yangu."

"Stoo yako ina stika, Madam? Azimio linataka mahali palipothibitishwa kuwa na utulivu."

Askari walitazamana. Madam Eddah alimtazama Bwana Ondiek, naye akatazama nyasi.

"Munyaka nzima stika ni moja," nikasema. "Iko kwa mlango wa huyu msichana."

Ndivyo mashini ilivyorudi, imebebwa na askari wale wale, na Vivian mbele yao: "Pole pole na hiyo kona." Alieleza pia kwamba kifaa cha namna hiyo kisipowashwa kila siku na kutumiwa na watu, kinaoza. Madam Eddah alisema mali iliyo chini ya ulinzi haiwezi kuachwa ioze. "Washa," akaamuru. "Lakini sauti iwe chini."

Kufuli ndilo lililobaki. Ufunguo alikuwa nao Bwana Ondiek. Nikamwendea pale kwa nyasi, nikainama karibu naye.

"Mwenyekiti, ile kamati ndogo ya kitendawili ilifika wapi?"

Alifumba macho. "Shosh, imenishinda. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Chukua Kitale."

"Kitale kuna mashemeji zangu, watanisumbua."

"Chukua Nakuru basi."

"Mbali. Nipe kile chumba cha Vivian."

Hakuweza kushusha mikono, askari alikuwa anamwangalia. Akasema kwa sauti ndogo, "Mfuko wa kulia. Toa mwenyewe."

Nikautoa, nikamrushia Vivian. "Haya," nikasema, "nimeenda mji wangu, nimefungua mlango, nimekuta watu wangu hawajambo. Sasa nategua. Kwa jirani ni nyoka, kwangu ni mshipi. Jibu ni kosa."

Kiptoo, mikono juu, alitafuta kalamu kwa macho.

Vivian alikuwa ameshageuka aende zake Bwana Ondiek alipomwita. Hakumwita kwa sauti ya ofisi.

"Vivian. Tafadhali. Ile daraja."

Vivian akamtazama kidogo. "Huendi na bunduki, sir. Pale mwanzo wa daraja unaiweka chini. Unainua mikono, unatembea. Hakuna mtu anakupiga."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Bwana Ondiek aliinua macho, akaitazama mikono yake, kulia, kisha kushoto. Mzee Wangila alikuwa bado anamsimulia habari za mtaro. Githeri ya mwenyekiti nilimwekea kando, nikaifunika na sahani isipoe.