Nilivyosukumwa na Wakwe Zangu Maramba

Wenzangu, leo uso wangu nimeuacha Maramba. Nawasimulia mwenyewe kabla shangazi yangu hajawafikia, maana yeye ataongeza chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo ya kutosha.

Leo ilikuwa siku ya kupeleka posa kwa kina Zuhura, kwao Maramba. Mnamjua, yule fundi cherehani wa hapa Makorora ambaye nimempelekea suruali ileile kupunguzwa mpaka ikawa kaptura. Wapeleka posa walikuwa ami yangu na shangazi. Mimi sikutakiwa kwenda. Utaratibu wetu mnaujua: muoaji anakaa kwao, anatulia, anasubiri jibu. Hajipeleki ukweni macho makavu.

Asubuhi, jirani aliyekuwa awaendeshee gari langu akaamka na homa. Ami akanishika bega.

"Utaendesha weye. Kule hawakujui sura. Lakini ukifika, weye ni dereva. Si muoaji, si mtoto wa mtu. Dereva! Kofia usoni, mdomo funga. Wakijua umekuja mwenyewe watasema tumewaletea kijana asiye na haya, na posa imekufa hapo hapo."

"Sawa, ami."

Sasa kuna jambo sikumwambia. Wiki nzima, taa nyekundu yenye picha ya betri ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Mimi ni mtu wa akili (nilikuwa, mpaka leo). Nikasema, picha ni ya betri, basi anayeumwa ni betri. Nikanunua mpya. Taa ikaendelea kuwaka! Mwingine angekwenda kwa fundi. Mimi nikaamua kwamba betri ni ngeni, bado haijalizoea gari. Nikachukua plasta, ile ya kufungia kidonda, nikaibandika juu ya taa. Sikuiona tena, nikajihesabu nimetengeneza.

Tukaondoka vizuri. Tulipopita Mabokweni, redio ikanyamaza. Baadaye indiketa ikaanza kukonyeza kivivu. Kioo cha upande wa shangazi kikashuka nusu, kikagoma kupanda.

"Mbwana, pandisha kioo mwanangu! Vumbi lote linaniingia miye!"

"Hewa ya shamba hiyo, shangazi. Ina faida mwilini."

Alishuka Maramba baibui lake jipya jeusi likiwa na rangi ya barabara. Alinitazama tu. Nikajua maneno ya kunisema yameahirishwa.

Redio na kioo vilishanitia shaka, nami nilikuwa na mpango: nisizime gari. Liungurume palepale uwanjani, betri ijichaji, wakimaliza twende zetu. Nikajisifu kimoyomoyo kwa busara hiyo. Ami na shangazi wakaingia ndani, mimi nikabaki kwenye usukani, kofia imenifika puani.

Haikupita muda akatoka baba yake Zuhura, Mzee Salimu. Huyu aliwahi kuendesha malori ya mkonge, na sauti yake bado inashindana na injini.

"Weye dereva! Zima gari, uje ule!"

"Shikamoo baba. Ahsante, nimeshiba."

"Marahaba. Nimesema zima gari."

"Lina... linapoa, baba."

"Linapoa huku linawaka?"

Nikaivuta kofia chini zaidi.

Akasimama mikono kiunoni. Akageukia mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Wageni gani hawa? Wamekuja kuomba mtoto wangu na gari wameliacha linanguruma, mguu mmoja ndani, mmoja barabarani! Kwetu hamkai hata mkanywa maji?"

Ami akachungulia mlangoni, macho yamemtoka, ananionyesha kwa kidole nizime. Nikamtikisia kichwa. Akanitikisia chake. Tukatikisiana vichwa hivyo mpaka Mzee Salimu akachoka. Akapitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo, akauchomoa, akautia mfuko wa kanzu.

Kimya. Sijawahi kusikia kimya kibaya kama kile.

Nikaenda kukaa barazani, nikaletewa sinia langu peke yangu. Wali wa nazi, kuku wa kienyeji, bilinganya za kukaanga. Jamani, wakwe wanapika! Nikala kwa huzuni, lakini nikala. Simu ikalia ujumbe. Ni Zuhura; yuko ndani na shangazi zake, hatakiwi kuonekana, lakini dirisha analo.

"Mbwana, ni wewe? Hiyo kofia ya nani?"

Nikamjibu, "Mimi ni dereva." Nikasikia mtu anakohoa kicheko nyuma ya pazia.

Mazungumzo ya ndani yakaenda vizuri, mpaka wakatoka wanacheka. Mzee Salimu alikuwa ameahidi kumuuliza binti yake na kuleta jibu baadaye. Ami uso unang'aa. Nikapewa ufunguo, nikasoma bismillahi, nikazungusha.

Tk.

Nikarudia. Hata hiyo tk haikuja tena.

"Betri!" akasema Mzee Salimu. "Haya, tulisukume! Mteremko huu hapa, litawaka lenyewe."

Wenzangu, gari langu ni otomatiki. Gari la otomatiki unaweza kulisukuma mpaka Horohoro na haliwaki. Mimi najua. Nilikuwa najua! Lakini kabla sijafungua mdomo, mkwe wangu alikuwa ameshakunja kanzu mpaka magotini na kukamata buti la gari. Ami naye akakunja yake. Wakatoka wanawake na majirani. Mzee akaanza kuita, "Haya, moja, mbili!" Sasa hapo unamwambiaje mkwe kwamba anajichosha bure? Unaanzia wapi?

Nikaweka gia huru, nikashika usukani kama nina kazi. Wakanisukuma kuteremka mpaka dukani. Halikuwaka. "Tena!" akasema Mzee. Wakanigeuza na kunisukuma kupanda. Shangazi yangu amekunja baibui, anahema. Ami kofia imemwangukia shingoni. Na mimi (Mungu anisamehe) nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Ongezeni kidogo tu!"

Tulipofika tena mbele ya nyumba, mlango ukafunguka kwa kishindo. Zuhura huyo, kanga imemteleza kichwani, amesahau kabisa kwamba hatakiwi kuonekana.

"Baba, acheni! Mtaumia! Gari hilo ni otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa! Na wewe Mbwana unajua, umekaa tu unasukumwa na wazee!"

Watu wote wakasimama. Gari likarudi nyuma kidogo, nikakanyaga breki.

Mzee Salimu akapangusa jasho. Akaja taratibu mpaka dirishani. Akanivua kofia.

"Mbwana?" akasema. "Si ndilo jina mlilonitajia ndani, bwana?" Ami akatazama miguu yake. "Yaani nimemsukuma muoaji?"

Nilitamani kujificha kwenye buti. Nikashuka, nikamshika mkono, nikamwambia ukweli wote, mpaka wa plasta. Akasikiliza. Akaingia garini, akaibandua plasta, akaitazama, akanitazama. Halafu akacheka mpaka akakaa chini, kanzu ikiwa bado magotini.

Jirani akaleta gari lake, tukalibusti langu kwa waya kutoka betri yake, likawaka. Mzee akafungua boneti na kuagiza kisu jikoni. Akakigusisha nyuma ya altaneta, kile kifaa cha kuchaji betri, injini inaunguruma.

"Ingekuwa inachaji ingekuwa na sumaku, kisu kingeng'ang'ania. Tazama, kinateleza tu. Altaneta imelala, mwanangu. Betri yako inatoa, hairudishiwi. Na weye kuliacha linanguruma ndiyo umeimaliza kabisa."

Akazima. Akaufunga ufunguo kwenye ncha ya kitambaa chake cha jasho. Akasema haturuhusu kurudi na gari lile, giza likiingia taa zitakufa porini na shangazi yumo ndani. Kisha akamgeukia Zuhura palepale barabarani, mbele ya mtaa mzima.

"Mama, ndiye huyu?"

Zuhura akavuta kanga usoni. "Ndiye, baba."

"Pamoja na hivi alivyo?"

"Hivyo hivyo."

Wenzangu, nilisimama pale na vumbi na jasho, nimeaibika kuliko siku zote za maisha yangu, na nilikuwa na furaha sijui niiweke wapi. Tukarudi Tanga kwa basi. Ami hakunisemesha njia nzima. Shangazi yeye hakunyamaza njia nzima.

Wakati wa kuagana nilimuuliza Mzee Salimu, kwa adabu, nije lini na fundi kulichukua gari. Akaupigapiga ule ufunguo kitambaani.

"Njoo na fundi siku yoyote. Lakini usipokuja na shehe wa kufungisha ndoa, gari hulioni."

Kwa hiyo natafuta fundi wa altaneta na shehe, wote wawe na nafasi siku moja. Na atakayecheka, biriani ya harusi ataisikia harufu tu.