Maua ya Vitunguu ya Mama Nusrat

Jumatatu, 8 Septemba
Siku mbaya. Upande wa pili wa michongoma jirani yangu Mwanvua, Mama Nusrat, alikuwa anacheka. Anayecheka naye ni Sabina. Sabina wangu, niliyemzaa kwa operesheni! Wanapanga ile Jumamosi ya tarehe ishirini, wakwe wanapokuja kutoka Busisi kuleta posa. Sabina karudi akasema taratibu, kama mtu anayemeza dawa: mama, wageni tuwaketishe kwa mama mdogo, maua yake yakitoka picha zitapendeza.

Mama mdogo! Tangu lini?

Posa ya mwanangu kwenye uwanja wa watu! Uso wangu nitauweka wapi?

Tumekubaliana mbele ya baba yake, Shigela. Ijumaa ya kuamkia shughuli tutazame. Kama maua yako kwa Mama Nusrat tu, wageni wakae kwake. Kama yako kwetu, au hakuna popote, wanakaa hapa hapa kwetu.

Jumanne, 9 Septemba
Maua yenyewe ni yale ya vitunguu. Ukiyafukua unakuta kichwa kama kitunguu cha mboga. Mwaka jana Mama Nusrat alinigawia nusu ya vyake. Mvua ya kwanza ikanyesha, yake yakachanua uwanja mzima. Yangu majani tu, kama ninalima vitunguu vya kuuza!

Anasema nayapenda kupita kiasi. Anasema maji ya kila siku yanayaharibu, kiangazi niyaache na kiu.

Thubutu! Mtoto gani anakuzwa kwa kiu? Nimemwagilia ndoo mbili asubuhi, moja jioni. Na mbolea ya ng'ombe.

Ijumaa, 12 Septemba
Majani yangu yamenawiri. Ua hakuna.

Nimechungulia kwake. Ardhi kavu, imepasuka kama kisigino changu. Nimefurahi. Halafu nikaogopa. Mbona hana wasiwasi? Mtu asiye na wasiwasi ana jambo lake.

Shigela anasema kote hakuna maua, basi wageni ni wetu, mama Sabina tulia. Wanaume! Eti nitulie.

Jumapili, 14 Septemba
Akili imenijia kanisani, wakati wa sadaka. Mwenyewe si kasema maji yanayaharibu? Basi nimpelekee maji! Yaoze huko huko chini.

Na kama alikuwa ananidanganya, kama maji yanayafaa, je? Hilo nalo nimeliwaza. Nampelekea maji ya kufulia, yenye povu na jasho la soksi za Shigela. Ua gani litapona hapo? Nimeligeuza huku na huku, sioni pa kukosea.

Jumatatu, 15 Septemba
Mama Nusrat kaenda Kirumba kununua dagaa. Nimepita na ndoo kwenye upenyo wa michongoma. Nikarudi. Nikapita tena. Mgongo wote umekufa! Kitenge kimechanika. Kuku wake walisimama kunitazama kama mashahidi.

Nimemwaga mpaka pakawa matope. Moyo ukanisuta kidogo, maana yule mama alinikesha nilipougua malaria. Nikataka kurudi. Nikakumbuka lile "mama mdogo". Nikaongeza ndoo ya mwisho. Kwa jua hili, hadi arudi juu patakuwa pamekauka.

Alhamisi, 18 Septemba
Sabina kaja anapiga kelele. Nikadhani nyoka.

Kwa Mama Nusrat vimechomoza vijiti kila mahali, kila kimoja na tumba kichwani. Na mvua haijanyesha! Mama Nusrat anasema hiyo ni baraka ya Sabina. Nimekwenda kuona. Nimesema mashallah. Lilinikwama kooni kama mwiba wa sato.

Ijumaa, 19 Septemba
Yamechanua. Uwanja mzima rangi ya waridi, kama mtu kaanika kanga mpya. Kwangu majani.

Shigela kaniuliza kwa upole kama niliwahi kumsikia aliposema nitulie. Nilikuwa nabeba viti vyangu mwenyewe kuvipeleka kwa jirani.

Jumamosi, 20 Septemba
Wageni wamefika. Mama wa kijana, Mama Luhende, mtu mwenye heshima zake, hata hajakaa vizuri akauliza nani kakuza maua haya kiangazi chote hiki. Mama Nusrat akajibu wallahi yeye hajayapa hata tone, ni kazi ya Mungu.

Ya Mungu! Na mgongo unaouma ni wa nani?

Nikaropoka. Nikasema niliyamwagilia mimi!

Shigela akakohoa. Sabina akanitazama, akatazama kitenge changu, pale nilipokishona kilipochanika na michongoma. Nikaiona aibu inakuja kama mvua ya ziwani.

Mama Nusrat akainuka akanikumbatia, anatoa machozi. Akawaambia wageni, huyu mwanawe anaolewa, ana mambo chungu nzima, lakini kakumbuka maua ya jirani! Mama Luhende akasema binti aliyelelewa na mama wa namna hii, yeye hamwachi ampite. Vigelegele. Posa imepokelewa.

Nililia. Watu wakadhani ni furaha. Nusu ilikuwa furaha kweli.

Jumapili, 21 Septemba
Harusi ni Novemba. Mama Luhende kaagiza maua ya meza ya maharusi yatoke kwangu, maana mimi ndiye mwenye mkono wa maua. Kwangu! Mama Nusrat asikie vizuri!

Kasikia. Kaja na sahani ya vitumbua, kanielekeza polepole. Kuanzia leo nisiyaguse kwa maji. Mvua zikianza niyafunike na turubai. Yakauke kabisa, yapate kiu, halafu wiki ya harusi niyamwagie kwa mkupuo kama nilivyoyafanyia ya kwake. Yatatoka yote.

Nimemshukuru sana. Nimekula vitumbua. Nimemsindikiza hadi kwenye upenyo.

Mwanamke huyu hachoki! Anataka mwanangu aolewe kwenye meza tupu.

Nimechota ndoo tatu, nimeyamwagilia mara tu alipoingia kwake. Maskini, yalikuwa yameanza kusikia kiu.