Mikono ya Baba Mkwe

Jumatatu, 16 Januari
Jumapili ni sikukuu ya Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wetu sisi wakulima wa zabibu. Jumamosi wazee watatu wataonja divai nyekundu za kijiji. Mshindi hubeba fimbo ya mtakatifu mbele ya maandamano. Marehemu baba aliibeba mara nne. Mimi nina miaka hamsini na moja, sijawahi hata kuigusa. Inaniuma.

Miaka sita mfululizo ameibeba jirani yangu Thibaut. Thibaut! Mtu anayevaa skafu ndani ya nyumba!

Kijiji chetu cha Bouzy chote kinaishi kwa shampeni, sawa. Mapovu yanalipa. Lakini nyekundu, ile isiyo na povu hata moja, ndiyo heshima. Yangu imelala miaka minne. Sikuichuja. Kuchuja ni woga.

Jumatano, 18 Januari
Nimepata wazo! Baba mkwe, Mzee Léonce, alizungusha chupa za shampeni kiwandani miaka arobaini na mitatu, ili mashapo yateremke shingoni. Amestaafu, mikono haijastaafu. Akiona chupa imelala, lazima aizungushe. Juzi mezani kazungusha chupa ya siki. Sasa, nyekundu iliyokaa ikitikiswa, mashapo yanapanda, divai inakuwa tope. Nikimwingiza kwenye stoo ya Thibaut... Mimi sitakuwa nimegusa kitu. Dhambi iko wapi?

Alhamisi, 19 Januari
Nilimwambia Thibaut kwamba mzee anatamani kuiona stoo yake kabla hajafa. (Mzee ana afya kunishinda.) Akasema karibuni sana, tena akatoa biskuti. Nikamshika kwa maneno huku juu, mzee akashuka peke yake. Dakika arobaini! Alipopanda aliniambia, mwanangu, leo nimejisikia kijana. Nikamkumbatia.

Jumamosi, 21 Januari
Balaa.

Kwanza ukumbi mzima hauna kizibuo. Kijiji chetu kimezoea vizibo vinavyoruka vyenyewe. Ikabidi tukaazime kwa padri. Ikamiminwa ya Thibaut: inang'aa kama dirisha la kanisa. Kumbe huchuja, mashapo hayamo! Kila mwaka! Ikaja yangu. Tope. Mzee mmoja akauliza kama nilivuna zabibu na mizizi yake. Watu wakaangua kicheko. Thibaut peke yake hakucheka, nikamchukia zaidi.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu Odile nani kaingia stoo yetu. Akasema ni baba yake, jana, nilipokwenda kunyolewa. Hamu ya juzi ilikuwa haijamwisha. Kazizungusha zote, mara mbili. Alitaka kunishukuru.

Jumapili, 22 Januari
Thibaut kabeba fimbo. Na skafu. Nilitembea nyuma ya bendi nikilia moyoni. Hapana, nililia kweli, nikasingizia baridi.

Jumatatu, 23 Januari
Odile kasema nikaombe radhi au nihamie kwenye mapipa. Nikaenda. Thibaut akasema hana kinyongo, njama aliijua hata biskuti hazijaisha. Kisha akaniambia aliondoka na chupa yangu moja ukumbini, akaisimamisha ikatulia, leo kaionja. Ni bora kuliko yake. Tena amechoka, mwakani hashindani. Akanisihi: ndugu yangu, iache ilale, usifanye chochote, fimbo ni yako.

Nimerudi nikiwaza. Hashindani? Baada ya miaka sita? Huyu ananitega. Dirisha la stoo yake halina komeo, na Odile ana mjomba wake, fundi mapipa mstaafu, ambaye hawezi kuona pipa bila kuligonga nyundo. Kesho nitampigia simu.