Mikoba ya Mashoto

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Siku ya kuandikwa! Mama Viatu, mwenye lile duka kubwa la viatu pale kona, kanipa ahadi kwa kinywa chake mwenyewe. Rafu iliyo karibu na mlango iko tupu. Atakuja hapa nyumbani Jumamosi saa nne kuangalia mikoba kumi na miwili ya mtindo mmoja. Ikimpendeza, rafu ni yangu. Isipompendeza, anampa Bi Shanga.

Bi Shanga! Eti naye anatengeneza mikoba. Anachukua mfuko wowote, anaumwagia shanga, anauita mkoba. Tulijifunza cherehani darasa moja na mwalimu alimsifu yeye. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Wakati wa chakula nikaitangaza habari. Dada alisema Mungu asaidie. Mumewe, yaani Shemeji, alitafuna, akameza, akasema vizuri sana, ila na yeye ana lake la kusema. Nisipoipata hiyo rafu, Jumatatu ijayo navaa koti la bluu na kuuza mabomba na vyoo dukani kwake, na sebule inarudi kuwa sebule. Miaka miwili sasa wageni wake wanakaa jikoni kwa sababu cherehani yangu imekalia mahali pa kochi.

Mimi? Mbunifu mzima? Niuze vyoo? Thubutu! Lakini sikumjibu, kwa kuwa nyama ilikuwa bado kwenye bakuli.

Mchoro uko tayari. Mkoba wa begani, ngozi ya rangi ya damu ya mzee, mfuniko umekatwa mshazari, mdomo unatazama mbele, mkono wa kulia unaingia bila kuulizwa. Nimeuita Malkia.

Jumanne, 4 Machi

Nimekata ngozi yote. Yote! Dada alikuwa anakunja nguo pembeni, akanishauri nishone mmoja kwanza nione ulivyo. Nikamwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Akasema haya. Dada akisema haya, ujue si haya.

Saa kumi na moja nikamaliza mkoba wa kwanza. Mshono umenyooka, bitana imetulia, kifungo kinabana. Nikauning'iniza bega la kulia, nikatia mkono. Hakuna mdomo. Nikapapasa. Kumbe mdomo uko nyuma! Ili kutoa leso ilinibidi niupinde mkono kama mtu anayejikuna mgongo.

Sababu nimeijua, na si kosa langu, ni la chai. Kadibodi niliyochorea umbo la mkoba ilimwagikiwa chai asubuhi. Mimi kwa usafi wangu nikaigeuza, upande mkavu ukawa juu, nikakata hivyohivyo. Mikoba yote kumi na miwili imeelekea upande usio wake. Nikatoka mbio hadi kwa muuza ngozi. Damu ya mzee imekwisha, akasema, mzigo mwingine unaingia Jumatatu. Jumatatu! Siku ya koti!

Shemeji aliujaribu mkoba, akazunguka nao sebule nzima. Akasema ni mkoba mzuri mno, kwa mwizi, maana anayetembea nyuma yako ndiye anayeufungua kwa urahisi. Akacheka mpaka akakaa chini. Dada alinigeuzia mgongo asinionyeshe uso, lakini mabega yake niliyaona.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Nimepata, jamani!

Nilikuwa napiga mswaki. Mkoba nimeutupia bega la kushoto, mswaki uko mkono wa kulia, mara mkono wa kushoto ukaingia mkobani wenyewe, kana kwamba unaingia nyumbani kwao. Nikatema povu. Huu si mkoba mbovu. Huu ni mkoba wa mashoto! Watu ambao mkasi hauwakubali, daftari haliwakubali, hata upawa wa supu wenye mdomo upande mmoja hauwakubali. Nani amewahi kukaa chini akawashonea mkoba? Ni mimi. (Kwamba sikukusudia, hilo halimhusu mtu.)

Nikashona mitatu kwa furaha, kisha nikatoka kutafuta mashoto wa kunitolea ushahidi mbele ya Mama Viatu. Nilikwenda benki, kwa sababu pale watu wanatia sahihi. Nikakaa kwenye benchi, macho kwenye mikono ya wanawake. Nusu saa nzima, wote kulia, kulia, kulia. Mwishowe mmoja akashika kalamu kwa kushoto. Nikamsogelea, nikamwuliza kwa adabu zote, samahani mama, eti wewe ni mashoto? Loo! Alisema hata mumewe hajawahi kumtukana mbele za watu. Kumbe alikuwa amejikata kidole cha kulia na kisu.

Mlinzi akaja, akataka kujua nafanya nini pale. Nikasema natazama mikono ya wanawake. Nikifikiri sasa, swali lile lilikuwa na majibu mengine. Nimepigwa marufuku kuingia benki ile.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikutana na Bi Shanga kwa muuza uzi. Kajipamba shanga mpaka kwenye kandambili. Akanisalimia vizuri, akauliza kazi imefikia wapi. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza. Nikamwambia kila kitu. Hiyo ndiyo kasoro yangu, na sina nyingine.

Akanitazama kwa huruma. Akasema, kaka, nakushauri kama mwenzio, neno mashoto usilitamke mbele ya yule mama. Yeye mwenyewe alimshuhudia akimfokea mfanyakazi wake mpaka akalia, kisa kampa boksi la viatu kwa mkono wa kushoto.

Asante sana! Mtu anaitaka rafu hiyohiyo, halafu anishauri mimi kwa wema! Mimi si wa jana. Akikataza, basi huko ndiko kwenye bahati. Nitalitamka, tena kwa sauti.

Tatizo moja tu: mashoto sina hata wa dawa. Nikamwomba Dada awe mashoto. Akasema ana miaka arobaini na miwili, hajawahi kuwa, na haoni sababu ya kuanza. Nikamwambia nikiipata rafu nitapanga chumba changu cha kazi, na sebule ataipata mwezi huuhuu. Akaligeukia kochi lake, ambalo limesimamishwa wima ukutani tangu mwaka juzi. Kisha akauliza anatakiwa afanye nini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mafunzo. Dada kapiga mswaki kwa kushoto, kafagia kwa kushoto, kakoroga mchuzi kwa kushoto. Ukuta wa jikoni nimeufuta mimi.

Chakula kilipoiva akampa Shemeji sahani kwa mkono wa kushoto. Shemeji akaitazama sahani, akamtazama mkewe, akauliza amekosa nini. Dada akasema ni biashara. Shemeji akasema miaka kumi na saba ya ndoa, na leo anatupiwa chakula kama paka. Akasusa. Sahani yake nikaimaliza mimi, isije ikaharibika.

Mikoba yote kumi na miwili tayari! Vidole vimetobokatoboka, mgongo umekufa ganzi. Niliipanga mezani nikakaa kuitazama. Ni mizuri, bwana. Machozi yalinilengalenga. Sijawahi kumaliza kitu maishani, sembuse vitu kumi na viwili. Utani kando, naogopa. Wakinivalisha lile koti sitalivua tena, najijua. Nitauza bomba la kwanza, nitapongezwa, na habari ya mikoba itakuwa hadithi ambayo Shemeji anawachekeshea wageni.

Jumamosi, 8 Machi

Nianzie mwanzo.

Mama Viatu alifika saa nne kamili, mwanamke mnene, viatu vidogo, uso haucheki. Akaushika mkoba mmoja. Akachungulia mshono, akavuta mkanda, akanusa ngozi. Akautundika bega la kulia. Mkono ukaenda, ukakosa, ukarudi. Akauliza mdomo uko wapi.

Nikalitamka. Mashoto! Nikatoa hotuba nzima. Watu waliosahaulika, mkoba wao wa kwanza, na huyu hapa shahidi wangu, dada yangu wa tumbo moja, mashoto tangu kuzaliwa. Dada akatokea na kikombe cha chai cha mgeni, akakiweka mezani kwa mkono wa kushoto, salama. Akatundika mkoba. Akatia mkono huku akiusindikiza kwa macho, akatoa funguo, zikamponyoka, zikatumbukia kwenye chai ya Mama Viatu.

Mama Viatu akamwambia, mwanangu, wewe si mashoto. Mashoto hauangalii mkono wake unakokwenda. Dada hana ulimi wa uongo. Akasema kweli, mama, naomba radhi, ni huyu. Akanionyesha kwa kidole, cha kulia, akaenda jikoni. Nikabaki peke yangu na mikoba yangu. Kwisha habari. Nilijiona kabisa nimesimama katikati ya vyoo.

Lakini Mama Viatu hakuinuka. Aliuhamishia mkoba bega la kushoto. Mkono wa kushoto ukaingia, ukatoka, ukaingia tena. Hakuutazama hata mara moja. Akasema, taratibu, kama anayezungumza na mtu mwingine, kwamba alipoanza shule mwalimu aliufunga mkono ule kwenye dawati kwa kamba, muhula mzima. Nyumbani mama yake akamalizia kwa mwiko. Akajifunza kutumia wa kulia. Tangu siku hiyo akiona mtu anatumia kushoto bila woga anapandwa na hasira, na hasira yenyewe ni wivu tu. Miaka hamsini, alisema, mkono huu kazi yake imekuwa kubeba. Akafuta macho, na akayafuta kwa huohuo.

Mimi nililia waziwazi. Sijui nilimlilia yeye au niliililia rafu.

Nimeipata! Rafu ni yangu! Mikoba yote kaichukua, na ameagiza ishirini na minne mingine, ya namna ileile, Jumamosi ijayo. Anasema mashoto wa umri wake wapo wengi, wamejificha, wanajuana kwa macho. Atawaita wote siku hiyo, na atamwita mchoraji aandike ubao. Akiwa mlangoni akanigeukia. Akasema nikimchezea tena, hata kidogo, rafu inakwenda kwa Bi Shanga siku hiyohiyo.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko ya mshindi. Shemeji ameihamishia cherehani barazani kwa mikono yake mwenyewe, amelilaza kochi chini, na ameshinda juu yake tangu asubuhi bila hata kuwasha redio. Dada kakaa pembeni yake. Sahani ya leo Dada alimpa kwa mkono wa kulia, na wamesameheana.

Bi Shanga alipita, akanipongeza. Nikamwambia siri yake naijua, alinikataza ili nikose. Akasema alinikataza ili nisifukuzwe. Akaenda zake anatikisa kichwa na shanga zote. Maskini, wivu mbaya.

Nimejifunza makubwa wiki hii. Kwanza, usisikilize ushauri wa mtu. Pili, ukikata, kata yote kwa mpigo.

Jumatano, 12 Machi

Ngozi iliingia juzi na nimeibeba yote aliyokuwa nayo, rangi ileile. Safari hii hakuna mzaha, watu wananitegemea. Ile kadibodi ya chai nimeichanachana, maana mbunifu mwenye rafu hafanyi kazi na uchafu. Nikachora mpya, safi, nikailaza sawasawa, uso juu, kama tulivyofundishwa. Dada akapita, akasema nishone mmoja kwanza. Nikamwuliza kati yetu nani ana rafu. Akasema haya.

Kufika adhuhuri yote ishirini na minne imekatwa. Saa tisa wa kwanza ukawa tayari. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya! Nikamwita Dada. Akautundika begani, akatia mkono, ukaingia kama siagi. Akatoa, akatia tena. Uso ukamng'aa. Akasema, mdogo wangu, nakuambia kweli, huu ndio mkoba wako wa kwanza ambao hata mimi ningeubeba. Nilifurahi mno! Nikataka kumkumbatia.

Kisha wote wawili tukaangalia ni bega lipi.

Kulia.

Ubao umekwisha kuchorwa, nimeuona mchana, herufi nyekundu kubwa: MIKOBA YA MASHOTO. Unasomeka ng'ambo ya barabara. Mama Viatu kawaalika watu arobaini. Muuza ngozi nimemwendea mara mbili na mara zote mbili ananionyesha sakafu tupu. Dada kaketi kwenye kochi lake, kalishika kwa mikono yote miwili.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimekunywa maji, nimefikiri, na nimeshaona njia. Mama Viatu anatakiwa tu kupanua biashara. Kesho mapema natoka kutafuta watu wa mkono wa kulia. Nasikia wapo wengi.