Soli Iliyobaki Katikati ya Uwanja

Waliniambia sitafika Maskati. Nikafika. Wakasema nitarudi na sanduku la sabuni na manukato ya kugawa. Nikarudi na diploma ya uhifadhi wa bidhaa maghalani. Imo kwenye fremu, anayetaka aje aione. Wakasema timu yangu ya basketi ya watoto wa Jang'ombe haitamaliza mwezi. Iko mwaka wa pili. Katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyenionya kuhusu soli.

Leo nimechekwa, jamaa zangu. Si kuchekwa kwa pembeni. Nimechekwa na ukuta mzima wa skuli, na ukuta ule unakaa watu wengi.

Nawaeleza mwenyewe kabla hamjatumiwa video.

Mtaani kwetu kuna uwanja mmoja wa saruji, nyuma ya skuli. Saa nzuri ni moja tu, baina ya Alasiri na Magharibi, jua limeshapoa. Saa hiyo inashikwa na timu ya Fundi Sele, mshona viatu wa Darajani, mtu wa miaka hamsini na ushei. Vijana wake wanavaa raba kuukuu alizozitia soli za tairi kwa mkono wake. Sisi tunacheza saa saba mchana, saruji inaunguza hadi mpira wenyewe unanuka. Mama wawili wameshaniambia kwamba watoto wanarudi nyumbani vichwa vinawagonga, na mwezi ukiandama hawaji tena. Nikiwakosa hao wawili sina timu. Na wale wa sitafika Maskati watapata la kusema.

Basi wiki iliyopita nilimfuata Fundi Sele. Tucheze mechi moja, atakayeshinda achukue saa ya alasiri. Akakubali. Pale ningenyamaza nikaenda zangu. Nikaongeza sharti, kwa mdomo wangu mwenyewe: kila timu iingize watoto wanne na kocha wao, na kocha asitoke mpaka mwisho. (Kwa nini? Kwa sababu nilitaka watu waone raba zangu. Nakiri.)

Raba zangu ni jozi kumi na moja, zote za basketi, zote nimezinunua Maskati kwa jasho langu. Zinakaa sebuleni, ndani ya kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni. Dada yangu Zuwena, ambaye nyumba ni yetu sote, hilo halijampita kooni hata siku moja. Anasema kila mgeni anavua viatu mlangoni, halafu akiingia ndani anakuta viatu vimekaa mahali pazuri kuliko yeye.

Mfalme wao ni jozi moja nyeupe yenye nyekundu, shingo ndefu. Miaka tisa, haijagusa ardhi. Nimeifunga nailoni tabaka tatu, hewa ya bahari isipate pa kupenya. Huo ndio uhifadhi. Nimeusomea.

Leo tangu alfajiri sikutulia. Nimefungua kabati, nimefunga. Nimekwenda hadi uwanjani saa nne kuangalia kama goli bado lipo (lipo). Nimerudi. Chakula cha mchana nimekila nimesimama, Zuwena akaniuliza kama nna mchango wa tumbo. Baada ya sala ya Alasiri nikaifungua ile nailoni. Harufu ya upya ilitoka, ingawa kwa chini kulikuwa na kitu kama siki. Nikaipuuza. Nikaibeba jozi mkononi hadi uwanjani, nikavalia palepale kwenye mstari, polepole, ili waliochelewa wawahi.

Fundi Sele akaja kunipa mkono. Akainama, akatazama miguu yangu kwa muda, kama daktari.

"Yakhe, hizo umezivaa mara ngapi?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na zina umri gani?"

"Miaka tisa," nikasema, nikanyoosha mguu aone vizuri.

Akanitazama usoni. Nikaona mdomo wake unataka kusema jambo, halafu ukaghairi.

"Haya," akasema. "Mungu akupe heri."

Nilidhani ni wivu.

Kabla hatujaanza, yupo mtu mmoja lazima mumjue. Mudi. Miaka kumi na tano, mrefu kuliko mimi, na mguu wake umemtangulia umri, anavaa namba sawa na yangu. Wiki tatu zilizopita nilimtoa mazoezini kwa sababu alikuja na yeboyebo, vile viatu vya plastiki vyenye matundu. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba hivyo si viatu, na timu yangu si ya kwenda chooni. Tangu siku hiyo anakuja kila siku, anakaa juu ya ukuta, na yeboyebo zake, anatazama. Leo pia alikuwepo.

Makubaliano yalikuwa mechi iishe Mzee Pandu, mlinzi wa skuli, akitikisa funguo za geti. Tukaanza.

Nilianza vizuri, semeni mtakalo. Nikaruka mara mbili, nikafunga mara moja. Chini ya miguu nilihisi ulaini wa ajabu, kama nakanyaga godoro. Nikawaza, hii ndiyo tofauti ya kitu cha maana na tairi. Nikamwambia hata refa.

Kisha Salma, nahodha wangu, akanipita mbio akasema, "Kocha, unamwaga kitu."

Nikatazama nyuma. Kila nilipokanyaga palikuwa na vijipande vyeupe, kama mtu ametembea anakula biskuti. Nikawakaripia watoto wa ukutani wasitupe taka uwanjani.

Tulikuwa tumefungana ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Mpira ukanijia, mbele hapana mtu. Nikakimbia. Niliposimama ghafla katikati ya uwanja ili nimkwepe Fundi Sele aliyenitokea ubavuni, raba ilisimama. Mimi sikusimama. Kitu kikasema *pwaa*, na mguu wangu wa kulia ukaendelea na safari ukiwa na shingo ndefu, kamba zimefungwa vizuri, na chini hapana kitu. Soksi tu. Na soksi yenyewe ilikuwa na tundu, kidole gumba kiko nje kinaangalia watu.

Soli ilikuwa imelala pale katikati, peke yake, imenielekea.

Nikajaribu kuirudia kwa heshima. Hatua mbili, ya kushoto nayo ikaachia.

Hapo ukuta ukaanguka kwa kicheko. Mama mmoja alilazimika kushikwa. Fundi Sele hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliokota soli ya kulia, akaikunja, ikamong'onyoka kwa pembeni. Akanieleza taratibu, kifundi, kwamba soli za namna hii zikifungiwa miaka bila kuvaliwa zinaoza ndani kwa ndani, na ukizifunga nailoni ndiyo umezimaliza.

"Si ungeniambia?" nikamuuliza.

"Wewe una diploma," akasema. "Mimi nashona tu."

Nikaomba nitoke, aingie mtoto badala yangu. Akanikumbusha sharti. La nani? Langu. Kocha hatoki mpaka mwisho. Na saruji ilikuwa bado ina moto, nilishaanza kurukaruka kama niliyekanyaga makaa. Nikamtazama Mzee Pandu, tayari yuko getini, funguo mkononi. Nikawatazama watoto wangu wanne. Walikuwa hawacheki. Wamenikazia macho, maana saa ya alasiri ilikuwa pale pale, kikapu kimoja tu.

Nikaenda ukutani. Sikuwa na pengine pa kwenda. Mguu wa namba yangu pale ulikuwa mmoja.

"Mudi," nikasema. "Baba, hebu niazime viatu vyako."

Mudi akatazama miguu yake, akanitazama mimi.

"Hivi si viatu, Kocha."

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba ni viatu. Akaniomba nirudie, watu wa mwisho hawajasikia. Nikarudia, wa mwisho wakasikia. Ndipo akazivua, akanipa, akabaki peku.

Yeboyebo za kijani. Zikawa zinanitoka kila nikikimbia, hivyo Salma akavua mipira yake miwili ya nywele, ya waridi, akanifunga nayo kwenye vifundo kama kuku anayepelekwa sokoni. Nikaingia hivyo. Ipo video. Naijua ipo, shemeji yangu ameshanipigia kutoka Pemba.

Mzee Pandu akaanza kuchagua funguo. Mpira ukanifikia mimi. Nikarusha. Ukagonga chuma, ukarudi, Salma akaudaka juu kwa juu akautia ndani, na funguo zikalia. Ishirini na nne kwa ishirini na mbili. Saa ya alasiri ni yetu. (Ule mpira wangu watu wanasema nilikosa. Mimi naita pasi.)

Sasa madeni. Mtu aliyesoma hakai na vitu vya watu. Yeboyebo nilimrudishia Mudi palepale, pamoja na nafasi yake kwenye timu, kuanzia kesho, avae anachotaka. Nikarudi nyumbani na ndara za Mzee Pandu, na kabla ya Isha nilikuwa nimeshazisugua kwa sabuni nikampelekea. Mipira ya nywele ya Salma nimeifua, nimeipeleka kwao, mama yake ameipokea akiwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Kisha nikafungua kabati la vioo nikabonyeza jozi kumi zilizobaki, moja moja. Sita zimetoa unga. Nne zimesimama, na hizo kesho zinaingia miguuni mwa watoto, vitambaa vimejazwa mbele, kabla hazijakumbuka umri wao. Zuwena ameshapanga vikombe pale zilipokuwa.

Kwa hiyo leo sidaiwi na mtu yeyote Unguja nzima. Mimi ndiye ninayedai, soli moja ya kulia. Nimemtumia ujumbe Fundi Sele anirudishie. Amejibu kwamba nisiwe na wasiwasi, ameifunga nailoni tabaka tatu na kuiweka kabatini, anaihifadhi.